Maji Yetu Hufika Baharini

(Mazungumzo haya yalitolewa na mfanyakazi wa huduma za jamii wa parokia mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Kiandutu, Thika. Vikundi kadhaa viliomba nakala ili viyasome katika mikutano yao. Tunayachapisha pamoja na maswali yaliyoulizwa siku ile.)



 Najua Jumamosi ni siku ya biashara, na mwenye kibanda akifunga mchana mmoja anaijua hasara yake. Kwa hiyo sitazunguka sana.

Mliniomba niseme juu ya mazingira, nami nimechagua kusema juu ya bahari. Naona wengine mnatazamana. Bahari? Hapa Kiandutu? Sisi tuna shida ya vyoo, shida ya mitaro, shida ya kibarua, na huyu anatuletea habari za samaki wa Mombasa! Ni haki yenu kuuliza, na ni afadhali mtu aulize kuliko kusinzia. Hebu tuanze na kitu ambacho kila mmoja wenu anacho nyumbani.

Jana jioni nani alipika chakula bila chumvi? Hakuna. Basi nyote mmekula bahari. Chumvi nyingi tunayotumia hapa Kenya inatoka Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi katika Kaunti ya Kilifi. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana yasiyo na kina, jua na upepo huyakausha, chumvi inabaki, inasagwa, inatiwa kwenye pakiti, na mama mwenye duka hapa mtaani anakuuzia. Hata aliye maskini kabisa hawezi kukosa ya kutia kwenye sukuma wiki. Kwa hiyo bahari inatufikia kila siku. Sasa tuangalie sisi nasi tunaipelekea nini.

MITO MIWILI, BAHARI MOJA

Sisi wa Thika na Ruiru tumekaa mahali pa ajabu, na wengi wetu hatujui. Mito ya hapa kwetu inatoka karibu pamoja, kwenye milima ya Nyandarua, lakini ikifika huku inaagana.

Mto Chania na Mto Thika inakutana hapa hapa mjini, chini ya yale maporomoko ambayo wageni huja kupigia picha. Ikishaungana inakwenda mpaka Mto Tana, penye bwawa la Masinga. Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, karibu kilomita 1,000. Unapita Garissa, unapita Hola, unapita Garsen, na unaingia baharini Kipini.

Mto Ruiru na Mto Ndarugu yenyewe inashika njia nyingine, inaingia Athi. Athi ndio ule wa Fourteen Falls, karibu na Kilimambogo. Unashuka Ukambani, unapita Tsavo ukiitwa Galana, na ukikaribia Malindi unaitwa Sabaki. Mto ni mmoja na majina ni matatu.

Tana na Sabaki ndiyo mito miwili mikubwa inayoingia bahari ya Kenya, na yote miwili inakunywa kutoka kwetu. Maji ya mvua yanayopita mlangoni kwako, kama hayakunywewa na ardhi, yanatafuta mtaro, mtaro unatafuta kijito, kijito kinatafuta mto, na mto unatafuta bahari. Yanabeba kila kitu yanachokikuta njiani.

HUKO PWANI KUNA NINI?

Wengi wetu tukisikia pwani tunafikiri mahoteli na wazungu wanaoota jua. Lakini pwani ya Kenya ni karibu kilomita 600, kutoka Vanga mpakani mwa Tanzania hadi Kiunga mpakani mwa Somalia. Kaunti tano zinagusa bahari: Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu. Humo wanaishi watu maskini kama sisi ambao shamba lao ni maji. Shamba hilo lina sehemu tatu, nazo zinategemeana kama mafiga.

Sehemu ya kwanza ni mikoko. Hii ni miti inayoota kwenye tope la maji ya chumvi, mahali ambapo mti mwingine ungekufa. Kenya ina zaidi ya hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu iko Lamu. Watu wa pwani wanaijua kila aina kwa jina, kama sisi tunavyojua miti ya kwetu: mkoko wenyewe, mchu, mlilana, muia, mkandaa, mkomafi. Katika miti hiyo walipata boriti na fito za kujengea, kuni, na nyuki. Zamani boriti zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Lakini faida kubwa ya mkoko iko chini, kwenye mizizi. Pale ndipo kamba, kaa na samaki wengi wanapojificha wakiwa wadogo. Ukikata mikoko yote ni kama umebomoa kliniki ya watoto halafu unashangaa kwa nini shule haina wanafunzi.

Sehemu ya pili ni majani ya bahari. Ni malisho chini ya maji, kama nyasi. Tafi hula hapo, kasa hula hapo, na nguva, yule mnyama mkubwa ambaye sasa amebaki wachache sana, chakula chake ni hicho.

Sehemu ya tatu ni matumbawe. Mtu akiyaona anadhani ni mawe, kumbe ni viumbe hai vidogo sana vinavyojijengea nyumba ya chokaa, kizazi juu ya kizazi, mpaka inakuwa ukuta. Ukuta huo unavunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufuoni. Ndiyo maana mvuvi mwenye mtumbwi mdogo anaweza kutega malema yake ndani ya ukuta hata wakati wa kusi, miezi ile bahari inapochafuka. Changu, pono na pweza wanakaa humo. Matumbawe yanataka mambo mawili, maji safi na mwanga wa jua. Ukiyanyima mwanga yanadhoofika. Bahari ikipata joto kupita kiasi yanapauka na kufa, kama ilivyotokea mwaka 1998 wakati wa El Niño, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipokufa kwa mwaka mmoja.

Na samaki haishii kwa mvuvi. Akishateremka kutoka baharini anampa kazi mchukuzi, mwenye baiskeli, na yule wanayemwita mama karanga, yaani mama anayenunua samaki wachache, anawakaanga na kuwauza jioni kando ya barabara. Huyo ni dada yenu, nyinyi mnaouza maandazi na mboga. Mvuvi akirudi mikono mitupu, mama karanga hana sufuria ya kuinjika.

UDONGO WETU UNAPOKWENDA

Ukienda Malindi wakati wa mvua utaona bahari ni nyekundu. Wekundu huo ni udongo wa bara, udongo wa mashamba yaliyoachwa wazi, wa kingo za mito zilizolimwa hadi majini, wa machimbo ya mawe na mchanga, wa barabara na majengo mapya. Sabaki inaumwaga baharini, nao unaelea na kuziba mwanga, halafu unashuka juu ya matumbawe na majani ya bahari kama vumbi kwenye vyombo. Mbele ya mji wa Malindi mchanga umejaa hata ufuo umesogea kuelekea baharini.

Wataalamu walipata njia nzuri ya kujua jambo hili lilianza lini. Tumbawe hukua mwaka kwa mwaka na kuacha alama, kama pete ndani ya gogo la mti. Walisoma tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, na mwaka 2007 wakatangaza waliyoyaona. Kwa miaka mingi udongo uliofika ulikuwa kidogo. Ulianza kuongezeka mapema katika karne ya 20, wakati wa ukoloni, mashamba makubwa yalipofunguliwa bara, na baadaye ukazidi tena na tena. Nataka mlisikie vizuri jambo hili. Tumbawe lililoko chini ya bahari limeweka kumbukumbu ya jembe lililopigwa huku juu. Hata historia ya ardhi yetu, ya nani aliichukua na aliitumiaje, imeandikwa kule.

Na Mto Tana je? Ajabu ni kwamba Tana ina ugonjwa wa kinyume. Kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988 yalijengwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Udongo wa Thika unakwama Masinga. Huko unajaza bwawa, na bwawa lililojaa tope halina nafasi ya maji. Tena maji yaliyozuiliwa hayashuki kama zamani. Kule mwisho wa mto, Ozi na Kipini, wakulima wa mpunga na maembe wamelalamika kwamba maji ya bahari yanapanda mtoni na kuingia mashambani. Mto ukiwa dhaifu bahari inasonga mbele. Kwa hiyo Sabaki inaleta udongo mwingi mno, na Tana inaleta maji machache na udongo usiotosha. Zote mbili ni mito yetu.

Hapa nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba watu wa Kiandutu ndio waliojenga mabwawa, wala sisi ndio wenye mashamba makubwa. Kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kubeba dhambi zote za mto. Kuna viwanda, kuna wenye machimbo, kuna wenye kujenga magorofa na kumwaga kifusi mtoni usiku. Mwenye nguvu awajibike kwa kadiri ya nguvu zake. Lakini na sisi tuna sehemu yetu, na sehemu yetu hatuhitaji kungoja ruhusa ya mtu ili kuifanya.

SAFARI YA KANDAMBILI

Sehemu yetu nyingine ni takataka. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya, na faini yake ni kubwa, kuanzia shilingi milioni 2. Mitaro ilipumua kidogo. Lakini chupa za soda, vifuniko, karatasi za nailoni za zamani na kandambili bado ziko. Tazameni mtaro wowote baada ya mvua. Kandambili iliyokatika haiozi, haizami, inaelea tu. Ukiitupa leo mtaroni, mvua ya Aprili itaichukua.

Kule Lamu fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake waliamua kuonyesha ulimwengu jambo hili. Walikusanya tani 10 hivi za plastiki zilizotupwa na kandambili kama 30,000, wakajenga jahazi la mita 9 na kuliita Flipflopi. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri kilomita 500 hivi kutoka Lamu hadi Zanzibar. Jahazi zima la takataka! Sisemi kandambili za Kiandutu zimo katika jahazi hilo. Nasema tu kwamba kila kandambili iliyookotwa ufuoni ilivaliwa kwanza na mtu mahali fulani.

Tena kabla takataka haijamdhuru mvuvi wa Malindi, inatudhuru sisi. Mtaro ukizibwa, maji ya choo yanaingia nyumbani, na mtoto anaugua kuhara. Aliye chini ya mto anaumia, lakini aliye juu ndiye anayetangulia kuumia.

WENZETU WAMEFANYA NINI?

Sasa nije kwenye sehemu iliyonifanya nichague bahari. Nataka mjue vikundi viwili vya watu wa kawaida, wasio na cheo wala pesa.

Cha kwanza ni cha Kuruwitu, upande wa Vipingo, Kaunti ya Kilifi. Wavuvi wa huko waliona samaki wanapungua. Nyavu zenye matundu madogo zilikuwa zinazoa hata vifaranga vya samaki. Kuanzia mwaka 2003 walijipanga kama kikundi, wakajadiliana, wakagombana pia, na mwaka 2005 wakatenga eneo la hekta 30 hivi ndani ya bahari yao wenyewe wakasema hapa hakuna kuvua. Eneo la namna hiyo huitwa tengefu. Mnaweza kufikiria ugomvi uliokuwapo! Mtu mwenye njaa unamwambia asivue mahali alipovua babu yake. Lakini samaki hawajui mpaka. Walizaana ndani ya tengefu, wakaongezeka, na waliozidi wakatoka nje ambako wanavuliwa. Tangu hapo vijiji vingine vya pwani vimeanzisha tengefu zao.

Cha pili ni Mikoko Pamoja, kule Gazi, Kaunti ya Kwale. Kikundi hiki ni cha vijiji viwili, Gazi na Makongeni. Ndiyo, hata wao wana Makongeni yao! Mikoko ya Gazi ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda. Baadaye watafiti wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwamo Dk. James Kairo, walishirikiana na wanakijiji kuipanda tena. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko, na wanalipwa kwa sababu miti hiyo inavuta hewa chafu ya kaboni na kuihifadhi kwenye tope kwa miaka mingi. Pesa hizo hazigawanywi mifukoni. Watu hukutana na kuamua mradi, na zimesaidia maji ya bomba na shule. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Umoja wa Mataifa inayoitwa Equator.

Katika habari ya Gazi kuna mafunzo matatu kwetu.

Kwanza, hawakumiliki ardhi. Mikoko ni msitu wa serikali, hakuna mtu Gazi mwenye hati ya mikoko. Walitumia sheria ya misitu inayoruhusu chama cha wanajamii kuandikiana mkataba na idara ya misitu na kusimamia pamoja. Nalisema hili kwa sababu hapa kila nikitaja kupanda mti naambiwa, "Mwalimu, kiwanja si changu, kesho tutafukuzwa." Ni kweli kwamba hati ni shida, na tusichoke kuidai. Lakini mtu anaweza kuwa hana hati na bado akawa na haki ya kusimamia, kama amejiandikisha na wenzake.

Pili, hawakuwaambia watu waache kukata kuni halafu basi. Walipanda mivinje mahali pengine, ili mwenye kuhitaji nguzo na kuni apate. Ukimnyima mtu kitu, mpe njia nyingine.

Tatu, akina mama hawakungoja. Walijenga njia ya mbao ndani ya mikoko, na mgeni anayetaka kutembea humo hulipa. Na kule Kibuyuni, Kwale hiyo hiyo, akina mama wanalima mwani kwa kamba baharini, wanaukausha na kuuza, na mwingine wanatengenezea sabuni.

SISI TUFANYE NINI?

Napendekeza mambo manne. Si amri, ni mapendekezo. Mwamue wenyewe.

1. Ukingo wa mto. Sheria ya maji inataka ukingo uachwe bila kulimwa, angalau mita 6, na inaweza kufika mita 30 kulingana na upana wa mto. Ukingo wenye mizizi unazuia udongo. Tuanze na kipande kimoja tu, tupande napia, mianzi na miti ya asili inayopenda maji, tuone mwaka mmoja umeleta nini.

2. Mtaro na takataka. Kila kikundi kichukue mtaro mmoja na kuweka siku yake ya kuzoa kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Oktoba. Plastiki ikichambuliwa na kukaa safi ina wanunuzi, na vijana wa mkokoteni wanawajua kuliko mimi. Pesa hiyo iingie kwenye mfuko wa kikundi na iandikwe kitabuni.

3. Chama cha watumiaji wa maji. Tangu Sheria ya Maji ya mwaka 2002, na tena ile ya 2016, wanaotumia mto mmoja wanaweza kuunda chama na kushirikiana na mamlaka ya maji. Mkulima, mama wa kufua, mwenye kuosha magari na kiwanda wanakaa meza moja. Tukiwa peke yetu, tukilalamika hatusikiki. Tukiwa ndani ya chama, tuna kiti.

4. Kuandika na kushtaki kwa amani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Mkiona maji yamebadilika rangi au samaki wamekufa, andikeni tarehe, saa na mahali, pigeni picha kwa simu, mashahidi wawili waweke sahihi, mpeleke kwa NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira. Kelele husahaulika, barua hubaki kwenye faili.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 47, aliona mto ukitoka hekaluni. Mwanzo maji yalifika kifundoni tu, kisha magotini, kisha kiunoni, mwisho hayakuweza kuvukwa kwa miguu. Mto ule ulishuka mpaka kwenye bahari iliyokufa, na bahari ikapona, samaki wakajaa, wavuvi wakaanika nyavu zao. Na kando ya mto, huku na huku, kulikuwa na miti. Nawaomba mtazame mpangilio huo. Bahari haikuponywa na watu wa ufuoni. Iliponywa na maji yaliyotoka juu yakiwa safi, na mto wenyewe ulikuwa na miti kingo zote mbili. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini haviachani. Mvuvi wa Ozi na mama wa Kiandutu ni kilio kimoja. Yeye yuko chini ya mto na sisi tuko juu, ndiyo tofauti yetu.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja: Mwalimu, mimi nalima sukuma wiki na nduma ukingoni mwa mto. Ndiyo inalipa karo. Ukiniambia nirudi nyuma mita sita, shamba langu lote ni hizo mita sita. Nitakula nini?

Jibu: Mama, swali lako ni zito, na mtu akikujibu haraka anakudanganya. Sitasema ung'oe mboga kesho. Ndiyo maana nimesema tuanze na kipande kimoja, na kikundi ndicho kikubali gharama, asibebe mtu mmoja. Napia hukatwa mara kadhaa kwa mwaka, na wenye ng'ombe hununua. Kama mapato ya napia hayafikii ya sukuma, mfuko wa kikundi umfidie mwenye kipande mpaka msimu wa pili, au apewe zamu ya kwanza katika pesa za mzunguko. Jueni pia kwamba mafuriko hayaombi ruhusa. Ukingo usio na mizizi unaporomoka na mboga yako juu yake. Lakini uamuzi huo ufanywe mbele yako na ukiwa na kura, si nyuma yako.

Kijana mmoja: Sisi tunaokota chupa, na kiwanda kinamwaga maji machafu usiku. Si ni kama kupangusa sakafu bomba likiwa wazi?

Jibu: Ni kweli, ndugu yangu. Kwa hiyo jambo la pili bila la tatu na la nne ni nusu ya kazi. Lakini ukienda kushtaki mwenye nguvu, jambo la kwanza atakalofanya ni kukuonyesha mtaro wako mwenyewe. Tusafishe wa kwetu ili tusikose la kusema.

Mzee mmoja: Na watu wa pwani watatulipa nini kwa kuwatunzia mto?

Jibu: Mzee, pengine hawatatulipa kitu. Nasi hatujawalipa kwa udongo tuliowapelekea miaka mia. Lakini wa kwanza kunywa mto huu ni sisi na watoto wetu. Ukiwa safi kwa ajili yetu, utafika kwao ukiwa safi.

KWA MAJADILIANO KATIKA KIKUNDI

1. Mtaro ulio karibu na nyumba yako unaishia wapi? Nendeni mkaufuate kwa miguu mpaka mtoni, kisha mrudi na kueleza mliyoyaona.
2. Nani katika mtaa wetu anapata riziki yake kwenye ukingo wa mto? Je, yuko hapa mkutanoni? Kama hayupo, ni nani atakayekwenda kumwita?
3. Wavuvi wa Kuruwitu walikubali kuacha sehemu ya bahari yao ili wapate zaidi baadaye. Sisi tunaweza kuacha nini, kwa muda gani, na tutamsaidiaje atakayeumia?
4. Ni jambo gani moja tunaweza kulianza kabla ya mvua zijazo? Andikeni jina la msimamizi na tarehe ya kukutana tena.